Jana harusini, leo kitandani: kujaa na kupwa kwa maumivu sugu na uchovu

Jumamosi usiku dada yangu alikuwa Makorora, hapa Tanga, kwenye harusi ya binti wa jirani yetu wa zamani. Alivaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, akapiga vigelegele, akakaa mpaka bibi harusi akatolewa. Jumatatu asubuhi alishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Mteja aliyekuja kufuata nguo yake alimkuta amejilaza mkekani, mikono ameilaza juu ya mto, akamwambia, "Fundi, si juzi tu tulikuwa sote harusini?" Hakusema kwa ubaya. Lakini mlango ulipofungwa dada alilia, na mimi nilikuwa jikoni napasha maji, nikamsikia.

Swali la mama yule mteja ndilo lililonifanya niandike. Dada ana baridi yabisi, mwaka wa tisa sasa. Anashona kwenye moja ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, kwa cherehani ya miguu, na katika miaka yote hiyo sijaona kitu kinachomvunja moyo kama jicho la "mbona jana uliweza?" Malaria tunaielewa: inakuja, unameza dawa, inaondoka. Mfupa uliovunjika tunauelewa: unafungwa, unaunga. Ugonjwa unaokupa Jumamosi halafu ukakunyang'anya Jumatatu hatujui tuuweke fungu gani, basi tunauita deko, tunauita uvivu, au tunaanza kunong'ona habari za mashetani.

Kule kupanda na kushuka ndiko ugonjwa wenyewe. Tena siku ya kuchungwa kuliko zote ni ile mgonjwa anapoamka akijihisi mzima. Haya mawili ndiyo ninayotaka kuyaeleza, na inabidi nianzie mbali kidogo.

Kuuma na kuumwa

Mbwa ameniuma. Mguu unaniuma. Kitenzi ni kile kile. Na mtu akiugua tunasema anaumwa, kana kwamba kuna kitu kimemshika kwa meno na hakijamwachia. Lakini lugha yetu haikuishia hapo. Kidonda kikiingia chumvi kinachonyota, jipu linapwita, tumbo linanyonga, mbavu zina vichomi, nyayo zinawaka, vidole vina ganzi, kiuno kinavuta. Halafu tukifika mbele ya daktari, maneno yote hayo tunayaacha nje ya mlango, tunasema "mwili wote unauma sana."

Ni hasara kubwa, kwa sababu kila neno lina njia linayoionyesha. Kuwaka, ganzi na mishtuko kama ya umeme mara nyingi huelekeza kwenye mishipa ya fahamu. Kupwita pamoja na joto na uvimbe huelekeza kwenye ugonjwa unaoendelea hapo hapo palipovimba. Mikono kukakamaa alfajiri mpaka jua likiwa juu ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Kanada, Ronald Melzack, alitengeneza dodoso la maumivu lililojengwa juu ya jambo hili: mgonjwa anachagua maneno yanayofanana na anachokihisi, na maneno hayo yanampa daktari dalili. Sisi dodoso hilo tunalo kinywani tangu utotoni. Tulitumie.

Melzack huyo huyo, pamoja na Patrick Wall, walikuwa wameshatoa mwaka 1965 maelezo yaliyobadilisha namna wataalamu wanavyoyatazama maumivu. Kabla yao wengi waliyafikiria maumivu kama kengele ya kamba: ukivuta huku, inalia kule, na nguvu ya mlio ni nguvu ya mvuto. Wao walisema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama mlango. Taarifa za hatari kutoka kwenye ngozi, misuli na viungo hupita hapo kwenda ubongoni, na mlango huo unaweza kupanuka au kubana. Mguso wa kawaida unaubana. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti mama hulisugua, na mtoto hunyamaza kweli. Ubongo nao hutuma amri kutoka juu. Woga, upweke na kukosa usingizi huufungua. Furaha, mazungumzo na shughuli inayoshika moyo huubana.

Rudini sasa harusini Makorora. Ngoma, vigelegele, mashoga aliokua nao: usiku ule maumivu ya dada yalipungua kwelikweli, hakuwa anaigiza uzima. Viungo vyake hata hivyo vilikuwa vikifanya kazi ile ile, na uvimbe ulikuwa palepale. Mlango ulibana, kazi ikaendelea, na hesabu ikaletwa baadaye. Hilo ni jibu la kwanza kwa mama wa nguo.

Lipo na jambo la pili linalochanganya watu. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwamba mishipa ya uti wa mgongo yenyewe inaweza kubadilika baada ya kupigwa na taarifa za maumivu kwa muda, ikaanza kukuza kila kinachopita. Wahenga walishasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na siwezi kupata maelezo bora kuliko hayo. Mfumo uliokwisha kuumwa hushtushwa na unyasi: shuka linauma, mkanda wa sidiria unauma, kupeana mkono kunauma. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha mifupa mizuri kabisa na bado mtu akawa kwenye mateso ya kweli. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo lililoanza kutumika Januari 2022, maumivu sugu yamepewa nafasi yake yenyewe: ni maumivu yanayodumu, au yanayorudirudi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Nalipenda lile "yanayorudirudi". Kwa hiyo kuondoka na kurudi kumo ndani ya maana yenyewe ya ugonjwa.

"Leo nimeamka vibaya"

Sentensi hii ikitoka kwenye vinywa vinne tofauti ina maana nne, na kuzichanganya kunaweza kugharimu uhai.

Kwa dada, ina maana kinga ya mwili wake imeongeza mashambulizi dhidi ya utando wa viungo. Jina la baridi yabisi linatupoteza. Baridi na yabisi, yaani ukavu, ni maneno ya utabibu wa kale uliofika pwani hii pamoja na lugha ya Kiarabu, ule uliopanga maradhi kwa joto, baridi, ubichi na ukavu. Ndiyo maana mpaka leo mgonjwa anaambiwa ni feni, ni maji baridi, ni kulala sakafuni. Ugonjwa huu hushika zaidi viungo vidogo vya mikono na miguu, kwa kawaida pande zote mbili, na kukakamaa kwake asubuhi huvuka nusu saa, mara nyingi hufika saa nzima na zaidi. Magoti yaliyolika kwa umri hukakamaa dakika chache tu, kisha huuma kadiri unavyoyatumia.

Kwa kijana mwenye siko seli, chembe nyekundu za damu zimejikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Pwani yetu ina wengi, na sababu ni malaria: mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha siko seli alikuwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, basi kinasaba kikadumu kizazi baada ya kizazi. Anayerithi viwili ndiye anayeugua. Baridi, kukosa maji mwilini, maambukizi na kazi ya kupita kiasi ni vichochezi vinavyojulikana. Lakini homa, kifua kubana, kupumua kwa shida, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au uume kusimama kwa saa nyingi kwa maumivu, hizo si siku mbaya za kuvumilia nyumbani. Ni hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mwenye baridi yabisi: kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa moto pamoja na homa, usidhani ni yale yale ya kila siku. Na mwenye mgongo akipata ganzi sehemu za siri au akashindwa kuuzuia mkojo, asisubiri kukuche.

Wa tatu anaweza kuwa alipata homa kali mwaka jana, ikapona, viungo vikabaki vinauma. Virusi vya chikungunya hufanya hivyo. Vilitambuliwa kwanza hapa nchini, baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, na jina ni la Kimakonde, la kitu kinachomkunja mtu. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Wapo wanaobaki wamekunjika kwa miezi, wengine kwa miaka.

Na wa nne ni yule ambaye vipimo vyake vyote vinarudi safi. Ana faibromialjia, yaani maumivu yaliyoenea mwili mzima, au ana ugonjwa wa uchovu sugu, majina ambayo mtaani hatuna. Huyu ndiye anayedhulumiwa zaidi, maana hana hata uvimbe wa kuonyesha.

Uchovu ambao usingizi hauuondoi

Watu hudhani uchovu ni mkia tu wa maumivu. Dada anasema kinyume: angepewa kuchagua, angeondolewa uchovu kwanza. Anausimulia kama mtu aliyevaa nguo zilizolowa maji ya bahari na hawezi kuzivua.

Kumbukeni mnavyokuwa mkipata mafua makali: hutaki kula, hutaki kuongea, unataka shuka na giza. Hali hiyo huletwa na mwili wenyewe. Chembe za kinga humwaga protini zinazoitwa saitokini, nazo hufika mpaka kwenye ubongo na kuuamuru ukulaze. Kwa mwenye mafua ni siku tatu. Kwa mwenye ugonjwa wa kinga kujishambulia, bomba hilo linadondosha mwaka mzima, siku nyingine matone, siku nyingine linabubujika. Ongeza damu inayopungua kutokana na ugonjwa wa muda mrefu, usingizi unaokatwa kila mtu anapojigeuza, dawa zenyewe, huzuni ya kutoaminiwa. Usingizi hasa ni shida ya pande mbili: maumivu yanaufukuza, na kukosekana kwake kunayaongeza maumivu ya kesho.

Kabla hamjamwambia mtu kwamba uchovu ni sehemu ya ugonjwa wake, apimwe. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari, VVU na kifua kikuu vyote huchosha, na vyote vina tiba au udhibiti wake. Nimeona mtu aliyeishi miaka akiambiwa ni mawazo, kumbe ni damu.

Kisha kuna jambo la kuchelewa. Kwa wenye ugonjwa wa uchovu sugu, adhabu ya kuzidisha kazi, ya mwili au ya akili, mara nyingi hufika baada ya saa 12 mpaka 48, na inaweza kukaa siku au wiki. Wenye magonjwa mengine nao wengi huijua, ijapokuwa si kwa ukali ule. Jumamosi usiku mpaka Jumatatu asubuhi. Hilo ni jibu la pili kwa mama wa nguo, na ndilo linalofanya ugonjwa huu uonekane hauna kichwa wala miguu: sababu na matokeo vimetenganishwa na siku nzima ya nafuu katikati.

Hapa pia ndipo ushauri wa mtaani unapogongana. Mmoja anasema "fanya mazoezi", mwingine anasema "pumzika", na wote wana haki, ila kwa wagonjwa tofauti. Kwa baridi yabisi, magoti ya uzee na faibromialjia, kutembea na mazoezi ya kiasi ni sehemu ya tiba yenyewe. Kulala muda mrefu kunadhoofisha misuli na kuongeza maumivu. Kwa ugonjwa wa uchovu sugu, kumsukuma mtu kunaweza kumharibu. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa Oktoba 2021 uliondoa ushauri wa zamani wa kuwaongezea wagonjwa hao mazoezi kwa ratiba iliyopangwa bila kujali mwili unajibu nini. Kwa hiyo anayekushauri, muulize kwanza anazungumzia ugonjwa gani.

Daftari la vipimo

Kila fundi ana daftari: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Dada alianza kutumia kurasa za nyuma. Kila usiku mistari miwili, alichofanya na alivyoamka. Tulijaribu kwanza kuandika namba, sifuri mpaka kumi, tukaacha baada ya siku chache, kwa sababu nne yake ya leo ilikuwa saba ya kesho. Akaanza kuandika vitu: "nimefunga vifungo mwenyewe", "nimeshindwa kukamua shuka", "mkasi nimeshika kwa mikono miwili".

Baada ya wiki sita tulikaa tukazisoma. Yeye alikuwa na hakika ni mvua. Mimi nilikuwa nalaumu kula ovyo. Kurasa zilisema jingine: siku mbovu zilikuja, nyingi zake, siku ya pili baada ya kukesha kumalizia oda. Na kabla ya Idi, ambapo Ngamiani yote inataka nguo kwa wiki ile moja, siku mbovu zilishikana mikono zikawa wiki tatu.

Kuhusu mvua sisemi ni uongo. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2019, uliofuatilia watu zaidi ya 2,600 kwa simu zao, ulikuta unyevu wa hewa una uhusiano na maumivu, lakini uhusiano mdogo; tafiti nyingine hazikuona kitu. Dada huona ugumu zaidi asubuhi za kipupwe, na namwamini. Ila kipupwe hakiahirishiki. Kukesha kunaahirishika, na nguvu chache alizonazo heri azitumie pale panapobadilika.

Sasa ile siku ya nafuu. Fikirini mwanamke anayecheza upatu. Zamu yake ikifika anakabidhiwa fungu zima, na kwa saa moja linaonekana lake lote. Lakini anajua sehemu kubwa ina wenyewe. Raundi zijazo zinamsubiri. Siku njema ya mwenye maumivu sugu ni kupokea upatu. Akiamka vidole vinakunja, anaona aibu ya wiki nzima: nguo chafu, mgonjwa ambaye hajamtazama, oda tatu zilizolala. Anazilipa zote siku ile. Keshokutwa yuko chini, na akilala siku tatu misuli inalegea, basi siku njema inayofuata inakuwa fupi zaidi. Mwaka ukipita hivyo, mtu anaamini ugonjwa umekua, wakati sehemu ya kilichokua ni mzunguko huu.

Njia ya kuukata ni ya kuchosha roho, sitaipamba. Unapima. Kwa siku kadhaa, nzuri na mbaya, dada aliangalia ni dakika ngapi anakata kitambaa kizito kabla mkono haujaanza kulalamika. Wastani ulikuwa kama dakika 25. Akaanza kusimama dakika ya 15, kengele ya simu ikilia anaweka mkasi chini hata kama hasikii chochote, anapumzisha mkono au anageukia kazi nyingine, kuweka vifungo au kupokea vipimo. Na kipimo hicho kinashikwa hata siku njema, hasa siku njema. Kusimama kabla ya kuuma kuna uchungu wake kwa mtu aliyelelewa akijua kazi huachwa ikiisha. Wiki ya kwanza aliona anapoteza kazi. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anakabidhi nguo nyingi kuliko zamani, kwa sababu siku za kulala zilipungua. Akaongeza dakika mbili, akakaa nazo, akaongeza tena. Mara mbili alirudi nyuma.

Nyumbani mambo yalikuwa rahisi kubadili kuliko nilivyodhani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hakuna sharti kwamba maji yaende jikoni kwa ndoo moja. Vidumu vya lita tano vinafika vile vile. Kukuna nazi juu ya mbuzi kunakunja magoti na kunachosha kiganja kwa pamoja, hivyo tunanunua iliyokunwa kwa mashine sokoni. Anapikia juu ya meza akiwa amekaa kwenye kiti kirefu. Mpini wa kisu tumeuviringishia kitambaa unene wa gunzi la mahindi, maana kushika kitu kinene kunaumiza vidole kidogo kuliko kushika chembamba. Bibi yetu alikereka na kile kiti kwa mwezi mzima. Siku hizi anakikalia yeye.

Lakini ushauri huu wa kugawa kazi una mpaka, na nisipousema nitakuwa nawadanganya wanawake wa vijiji vya pwani wanaolima mwani. Wao bahari ndiyo inayopanga. Kazi iko siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na shamba likafikika kwa miguu. Ni saa chache za kuinama, kupigilia mambo, yaani vijiti vya kufungia kamba, kuvuna na kubeba mzigo unaochuruzika maji, siku kadhaa mfululizo. Kisha maji mafu yakija, hakuna shamba. Kumwambia mama huyu "fanya kidogo kila siku" ni kutomjua. Anachoweza ni kuzilinda siku zinazotangulia, kwa kuwa yeye, tofauti na dada yangu, tarehe anazijua kwa kuutazama mwezi: hafui mablanketi kesho yake ni bamvua, haendi safari ndefu. Kazi ya kufunga mbegu kwenye kamba hufanywa nchi kavu kivulini, na hiyo inagawika, inafanyika juu ya meza badala ya miguu kunyooshwa mchangani. Na wanawake hubadilishana: mwenye magoti mabovu awafungie wenzake kamba, wao wampigilie mambo. Mzigo wa mwani mbichi ubebwe kwa ndoo nusu.

Dawa, na pakiti zisizo na jina

Siku mbaya humpeleka mtu duka la dawa, na huko hupewa diklofenaki bila swali. Dawa hiyo na ndugu zake inasaidia uvimbe, lakini ikimezwa kila siku kwa muda mrefu inaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Paracetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asivuke vidonge nane kwa saa 24, na wengine, kama wenye ini bovu, chini ya hapo. Mara moja dada aliletewa na msamaria vidonge ndani ya karatasi isiyo na maandishi, "vya viungo kabisa". Vilimpa wiki mbili za ajabu. Uso wake ulipovimba ukawa wa mviringo, daktari alihisi ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Steroidi zina kazi yake zikiandikwa na kusimamiwa, ila mtu akizimeza kwa wiki kadhaa na kuzikata ghafla, mwili unaweza kuporomoka. Kidonge kisicho na jina kisimezwe, hata kikitoka kwenye mkono unaokupenda.

Kwa baridi yabisi, dawa inayobeba mzigo ni ile inayotuliza kinga, kama methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki. Nasisitiza wiki, kwa sababu kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu. Na mwanamke anayetaka kushika mimba lazima azungumze na daktari mapema. Dawa hizi hazimtulizi mtu usiku ule ule, huchukua wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuziacha. Madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache sana, basi ukimpata, nenda na daftari. Dakika zake kumi zitakuwa na thamani zaidi akisoma wiki sita.

Swala ya leo na swala ya kesho

Kuna mahali nilipokuta jambo hili limeelezwa vizuri kuliko kwenye makala nyingi za afya. Imran bin Huswain, swahaba aliyekuwa akisumbuliwa na bawasiri, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu swala, akaambiwa aswali amesimama, asipoweza aswali amekaa, asipoweza aswali kwa ubavu. Wanazuoni wakaendelea: aliyeanza swala amekaa, akapata nguvu katikati, husimama na kuendelea. Angalieni kinachopimwa. Ni uwezo wa wakati ule ule. Hakuna anayeulizwa jana aliswali vipi, na rakaa ya kwanza haiwi ushahidi dhidi ya rakaa ya tatu.

Na bado dada aliacha kwa muda kwenda kuswali na wenzake, kwa sababu Ijumaa moja alisimama, iliyofuata akakaa kwenye kiti, na safu ya nyuma ikageuza shingo. Wasiosali naye walimhukumu kwa kufua na kupika. Hawa wakamhukumu kwa jambo ambalo dini yao ilishalitolea nafasi wazi.

Nyumbani tumetafuta namna ya kusema bila kueleza upya kila asubuhi, maana kujieleza nako kunakula nguvu. Sisi ni watu wa Tanga, tukachukua maji. Akisema "maji yamejaa", hakuna anayemuuliza yuko vipi wala anayempa habari ya mafuta ya kuchua. Mtoto anakwenda dukani, mimi napika. Akisema "yanakupwa", tunajua ataweza kitu kimoja, achague yeye. Hata yakikupwa kabisa tunamuuliza kabla ya kumkabidhi kazi. Kilichomgusa zaidi, aliniambia, ni kwamba tuliacha kusema "leo umependeza, umepona". Alikuwa akiogopa siku njema kwa sababu ya sentensi hiyo: ikitamkwa tu, anajiona amesaini mkataba wa kesho.

Mama wa nguo alirudi mwezi uliopita na kitambaa cha Idi. Safari hii dada hakujikaza. Alimwambia, "Mama, maji yamejaa leo, vifungo siwezi. Njoo Alhamisi." Yule mama alisimama kidogo mlangoni. Kisha akavua viatu, akavuta kigoda, akaomba sindano na uzi mweupe, akaweka vifungo vyake mwenyewe, sita, dada akimwelekeza kutoka mkekani mahali pa kutoboa.